Ulimi wa Mpangaji

Nilipokwenda kuuliza chumba, mwenye nyumba hakuniuliza kama nina mume, wala kama mshahara wa ualimu utatosha kodi. Aliniuliza kama navuta sigara. Nikasema sivuti. Akauliza kama nakula pilipili kila mlo. Nikasema mara mojamoja. Akaniambia nitoe ulimi nje. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, godoro langu likiwa bado juu ya bajaji inayonisubiri barabarani, na sikuwa na chumba kingine cha kwenda kuuliza. Nikautoa. Akautazama mbele na pembeni, akanifunga mdomo kwa kidole chini ya kidevu, akasema chumba ni changu.

Nilidhani ni mila ya Kasulu. Kabla sijaondoka Morogoro watu walinitisha sana kuhusu Kigoma, kwa hiyo kutoa ulimi niliona ni nafuu.

Mama huyu mwenye nyumba alizaliwa wapi na nani, siwezi kusema. Nilipojaribu kumuuliza alinijibu kwamba maofisa wa uhamiaji walishamuuliza hayo mpaka wakachoka, wakampa karatasi, na yeye hana mpango wa kuanza upya na mpangaji. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu. Hicho kitu kilipanda na kushuka kufuatana na anayeuliza. Kliniki alikuwa na sabini, ili apite mbele kwenye foleni. Kwa mafundi wa ujenzi alikuwa na hamsini na tano, ili wasimwibie saruji.

Kazi yake ilikuwa kupika pombe ya ndizi, ambayo yeye aliiita urwarwa, na pale mjini hakukuwa na ubishi kwamba yake ilikuwa ya kwanza. Lakini hakuuza kwa kikombe. Mlevi akisogea getini alifukuzwa na mwiko, na akiwa mlevi mwenye heshima zake, mwalimu mkuu kwa mfano, alifukuzwa na mwiko huohuo kwa upole. "Mimi napikia maneno," alikuwa akisema, "sipikii makoo." Maana yake alipikia posa, harusi, kumaliza msiba, na ndugu waliokosana wakataka kupatana. Palipo na maneno mazito ya kusemwa, mtungi wake ulitangulia.

Kanisani kwake pombe ilikatazwa waziwazi, naye alikaa benchi la mbele na kuitikia "Amina" kuliko wote mchungaji alipoikemea. Nikamuuliza kama haoni aibu.

"Anakemea ulevi," alisema. "Na mimi naukemea. Tunaelewana."

"Alisema pombe, Mama. Nilikuwepo."

"Alikuwa na haraka siku ile."

Nilicheka, lakini baadaye niliona kwa macho yangu mjumbe akija kutoka kwa mchungaji huyohuyo, binti yake alipokuwa anaposwa, kuagiza juisi ya ndizi iliyotulia. "Itulie siku ngapi?" mwenye nyumba akauliza, uso mkavu. Mjumbe akatazama chini, akasema siku tatu zingetosha.

Mimi pombe nilikuwa siijui kabisa. Baba yangu ni mlokole ambaye hata siki ya kachumbari huiangalia kwa mashaka. Bia niliionja mara moja tu, siku ya mahafali ya chuo, nusu glasi, nikaona ni dawa ya minyoo. Kwa hiyo Jumamosi ya tatu tangu nihamie, mwenye nyumba aliponiita uani na kunipa kibuyu kidogo, nilimfikiria Baba kwanza, halafu nikakumbuka kwamba kutoka Morogoro hadi Kasulu ni mbali.

"Ikoje?" akauliza.

"Tamu."

"Tamu si jibu. Sukari tamu, usingizi mtamu, mtoto wa mwenzio mtamu. Hii ni tamu ya nini?"

"Ya ndizi."

"Ndizi ipi? Iliyolala shimoni siku tatu au nne?"

Ningejuaje? Lakini nilirudia kuonja, nikaona aibu kushindwa mtihani wa mdomo, maana mitihani ndiyo kazi yangu. Kila Jumamosi akaniita. Nilijifunza kwamba ndizi mbichi hufukiwa shimoni juu ya majani ya mgomba yaliyopashwa moto, na kwamba zikikaa humo kupita kiasi, pombe hubaki na utamu mzito unaoganda nyuma ya meno. Nilijifunza kutambua moshi. Nilijifunza kwamba mtama unaokaangwa, kusagwa na kutiwa kwenye maji ya ndizi yaliyokamuliwa, ukiungua kidogo tu, ulimi huujua mwishoni, baada ya kumeza, na kwamba uchungu wa ncha ya ulimi si sawa na uchungu wa koo. Mwezi wa nne niliweza kumwambia kwamba maji yalizidi. Hakunisifu. Alikwenda kufanya kitu kwenye mtungi, na hiyo kwangu ilikuwa cheti.

Kiburi kikaniingia. Mwalimu mwenzangu wa Kiingereza, kijana wa Dar es Salaam aliyevaa miwani ya jua hata darasani, alirudi kutoka likizo na chupa nne za bia za kiwanda kidogo, zile zinazotengenezwa kwa madaha na kuandikwa hadithi kwenye lebo. Nilimleta uani ili nimwonyeshe mwenye nyumba kwamba na sisi vijana tuna pombe zetu.

"Hii bia ni ya kishua, Mama," alisema yule mwalimu. "Hii siyo ya kugida, ni ya kusikilizia ladha."

"Soma hapo imeandikwa nini."

Akasoma, akitafsiri: chungwa, kahawa, na mbao ya pipa.

"Na walioinywa walikuwa wanasuluhisha nini?"

"Hakuna, Mama. Wanakunywa tu. Ku-enjoy."

"Yo! Watu wazima wanakaa wanalamba mbao, hakuna hata shauri?" Akamrudishia chupa. "Mpe huyu aonje aniambie."

Nikaonja zote nne. Nilimwambia ya kwanza ina chungwa kweli, lakini ni la ganda, si la nyama. Ya pili ilinipa kahawa iliyoungua. Ya tatu niliipenda, na niliposema hivyo alinitazama vibaya, ikabidi niongeze kwamba haina kina. Kijana wa Dar alivua miwani, akaniuliza nilisomea wapi mambo haya. Nilimwonyesha shimo la ndizi kwa kidole.

Mwenye nyumba hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Alikuwa mbishi hadi kwa wanaomtakia mema. Mtama aliununua kwa mama mmoja Mkongomani karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na nilipomsindikiza nilisikia yule mama akiapa kwamba mtama ni mzuri, "Mama, hii mutama iko bien, minakuapia!" naye akijibu, "Bien ya nani? Bien ya panya?" Walitukanana hivyo kwa muda mrefu, kisha wakaagana kwa kushikana mikono miwili na kuulizana habari za wajukuu. Mimi aliniita "mwana wanje", yaani mwanangu, nikiugua na "mpangaji" nikichelewa kufagia. Alinilaumu kwa mvua. Halafu nikirudi shule nimechoka nakuta maharage yangu yameshachemshwa, na akiulizwa anasema yalijichemsha.

Siri yake niliigundua kwa chumvi. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, nikakosea kopo, nikatia chumvi vijiko viwili kwenye chai yake badala ya sukari. Yangu nilikuwa bado sijainywa. Alikunywa yake yote, akafuta mdomo, akasema chai ya leo nimeiweza. Ndipo nikaonja tone lililobaki, na nusura nitapike.

Mtu mwema angeuliza. Mimi ni mwalimu wa kemia, nikafanya jaribio. Kesho yake nilitia ndimu. Akanywa. Keshokutwa sikutia majani kabisa, nikampa maji ya moto niliyoyatia rangi ya karameli tu. Akanywa nusu, akaweka kikombe chini.

"Mwalimu," alisema bila kuinua macho, "umemaliza kunipima, au bado kuna chupa nyingine huko maabara?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Akaniambia, kavukavu, kwamba ulimi wake ulikufa miaka kadhaa nyuma, baada ya homa iliyomlaza mwezi mzima. Alipoamka, hakupata ladha wala harufu, na havikurudi tena. Hakumwambia mtu. Chumba changu kabla yangu kilikaliwa na nesi kutoka Singida, ambaye naye alidhani anafundishwa.

"Kwa hiyo miezi yote hii hukuwa unanifundisha?"

"Nilikuwa nakufundisha. Ulimi usiofundishwa utanisaidia nini?"

Nilikasirika, kisha nikaona uso wake, na hasira ikanitoka. Alikuwa anaogopa. Mwanamke aliyemfukuza mwalimu mkuu kwa mwiko alikuwa anamwogopa mpangaji wake. Jina lake lote lilisimama kwenye kuonja: hakuna mtungi uliotoka uani kabla hajauonja na kusema "tayari", na watu walibeba neno hilo moja mpaka nyumbani kwa wakwe. Ikijulikana kwamba halina ulimi nyuma yake, ingebidi posa zote za miaka ile zihojiwe upya, maana huku mtungi mbovu mbele ya wakwe ni dharau, na binti huweza kukataliwa kwa hilo.

"Ukimwambia mtu, nakufukuza," alisema. "Na ukinidanganya kuhusu pombe ili kunifurahisha, nakufukuza pia."

Tukaendelea, sasa kwa kujua. Nilikaa nyuma ya mlango wa jikoni nikionja, nikimpa ishara kwa kukohoa, naye akisimama mbele ya wateja, akijilamba midomo, akifumba macho kwa raha isiyokuwepo. Alikuwa mwigizaji hodari. Siku moja alizidisha hadi mteja akauliza kama amepatwa na kichefuchefu.

Usidhani kwamba alikuwa hajui kitu bila mimi. Masikio yalikuwa yake. Aliweka sikio kwenye mtungi unaochachuka na kukwambia siku iliyobaki. Mimi niliwahi kutia hamira ya dukani kwa siri, kwa imani yangu ya kemia kwamba itaokoa siku mbili. Alipita mbali, ndoo mkononi, akasimama. "Huu unapiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu," alisema. "Umeutia nini?" Nikakana. Mtungi ukajibu wenyewe: ulifura, ukasukuma majani yaliyoufunika, ukamwaga povu mpaka kwenye viatu vyangu vya shule.

Na kuna kosa langu moja ambalo hakulicheka. Alinipa mtungi wangu wa kwanza, wa kupika mwenyewe tangu shimoni, na kuniruhusu niwakaribishe wazee wanne wa mtaa. Mimi nimelelewa kwamba mgeni huanza. Nikachota, nikapiga goti, nikampa kibuyu mzee wa kwanza kwa mikono miwili, nimejaa heshima. Mzee hakupokea. Wote wanne wakaangalia miguu yao. Mwenye nyumba alikuja mbio, akaninyang'anya kibuyu, akanywa funda kubwa, akakaa kimya wakimtazama, ndipo akampa mzee. Baadaye aliniambia kwamba huku anayekaribisha huonja kwanza ili kutoa sumu. Ukimpa mtu bila kuonja, umemwambia kwamba wewe hungeinywa. "Na aonjaye awe wa nyumba hiyo," alisema. "Mtu hatolewi sumu na mpita njia."

Mwaka wa tatu nilipata uhamisho kwenda Kibondo. Alipokea habari vibaya. Aliuliza kama watoto wa Kasulu wameshaimaliza kemia. Siku ya kuondoka hakutoka nje kuniaga, nikalia kwenye basi mpaka konda akanipa kiti cha mbele. Nilisikia baadaye kwamba ameacha kupokea oda. Aliwaambia watu miguu inamsumbua, wakamwonea huruma, wakampelekea dawa za kuchua, naye akazipokea na kushukuru.

Miaka miwili ikapita. Kisha akanipigia simu.

"Mjukuu wangu anaposwa Jumamosi. Wageni wanatoka Buhigwe. Njoo."

"Nije kufanya nini, Mama?"

"Kula. Njoo."

Huyo mjukuu alimlea tangu ana miaka mitatu, na enzi zangu pale alikuwa shule ya bweni. Yeye na kijana mwenyewe walishapendana zamani, kilichobaki kilikuwa wazee wa kijana, ambao sifa yao ilikuwa kwamba walishawahi kuinuka na kuondoka kwenye posa kwa sababu ya kiti kilichovunjika.

Nilifika saa nne asubuhi. Alikuwa amepungua, amejifunga kitenge kipya, na hakunipa hata nafasi ya kumshika mkono vizuri. Wageni walikuwa wameshaketi uani, wazee sita na wanawake wawili, mtungi katikati. Akaniketisha kwenye kigoda kando yake. Wote wakangoja aonje.

Hakuonja. "Mimi sionji," alisema. "Ulimi wangu ulikufa siku nyingi. Wengi wenu mmekunywa pombe yangu kwenye shughuli za ndugu zenu. Aliyekuwa anaionja ni huyu mwalimu, nyuma ya mlango."

Dirishani kwa ndani nilimwona mjukuu amejiziba mdomo kwa mikono. Mshenga wa wageni, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, alinitazama toka juu hadi chini.

"Huyu ni wa nyumba hii?"

"Alikuwa mpangaji."

"Kabila gani?"

"Mluguru," nikajibu mwenyewe.

"Mama, unataka Mluguru, mpangaji aliyehama, atutolee sumu sisi?" Wenzake wawili walikuwa wameshaanza kuokota fimbo zao.

"Mwacheni aonje," alisema mwenye nyumba. "Kisha ondokeni mkitaka."

Akachota mwenyewe, akanipa. Nikanywa. Ilikuwa siki. Si uchachu wa kubishaniwa, ilikuwa siki ya kutia kwenye kachumbari. Nilimtazama mwenye nyumba, naye akanitazama bila ishara yoyote, na nilielewa kwamba masikini hajui, amepika peke yake bila ulimi, na mimi ndiye nitakayemwangusha mbele ya watu, siku ya mjukuu wake. Nikisema nzuri, watainywa na kutemea chini. Nikisema kweli, fimbo zimeshaokotwa. Sijawahi kumpenda mtu na kutaka kumkimbia kwa wakati mmoja namna ile.

"Imechacha," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Msinywe. Imeharibika."

Ndani, mjukuu alianza kulia. Mshenga akanyoosha mkono, akachukua kibuyu, akaramba ukingo kidogo, akakunja uso mzima.

"Kweli. Hii imekufa."

"Ego, ndiyo," alisema mwenye nyumba. "Ina wiki tatu. Niliiacha makusudi."

Yeye akanyoosha miguu yake, ile iliyosemekana inamsumbua, akaikunja tena vizuri tu.

"Mmeuliza kama ni wa nyumba hii. Angekuwa mpita njia angesema nzuri, akala, akapanda basi lake. Amekubali kuiharibu posa ya mjukuu wangu kuliko kuwapa kitu kibaya. Ninyi mna wangapi wa namna hiyo huko Buhigwe?"

Mshenga akaweka kibuyu chini, akaanza kucheka, kicheko cha kifua kilichomkohoza, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. "Wakwe hawa ni wa hatari," alisema. "Tukae."

Mimi sikucheka. Nilimwinamia sikioni kwa hasira nikamwambia kwamba angeweza kunionya, kwamba moyo wangu nusura usimame. Akasema kama angenionya uso wangu ungetusaliti, maana sijui kuigiza. Kisha wanawake wakatoa mtungi wa pili kutoka ndani, umefunikwa majani mabichi, wakauweka pale pa kwanza. Akachota. Kabla ya kunipa aliinamisha sikio kwenye mtungi mara moja zaidi, na hapo nikajua kwamba mtungi huu ndio alioupika kwa sikio na mkono tu, na kwamba huu hakujua umetokaje.

Nikanywa. Mshenga akanyoosha mkono apokee kibuyu, lakini mwenye nyumba akakizuia kwa kiganja. Alinigeukia mimi, akasahau wageni, akasahau hata kutengeneza uso.

"Nzuri?" akauliza.

"Nzuri, Mama."

"Oya, hapana, usiniambie nzuri. Mwana wanje, mimi sijaipata ladha yake miaka tisa. Niambie ikoje."

Nikasogeza kigoda karibu naye, nikaanza kumwambia, tangu inapogusa midomo mpaka inapomezwa, bila kuruka kitu, na wageni wakangoja.